Kumwiba punda miaka 14, kumtesa miezi 6

Nchini Kenya, mtu akimwiba punda wa jirani yake, kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumfunga hadi miaka 14. Mwenye punda huyohuyo akimpiga mpaka akavunjika mguu, kisha akamwacha kando ya barabara bila maji hadi akafa, kesi inahamia kwenye sheria nyingine: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Humo adhabu ya juu kabisa ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Punda ni yuleyule. Ila katika kesi ya kwanza aliyeumizwa mbele ya sheria ni mwenye mali, na katika ya pili ni mnyama mwenyewe.

Ninaanza na tofauti hiyo kwa sababu mjadala wa sheria za ukatili kwa wanyama hukwama mapema sana. Anayedai sheria kali huambiwa, "Sheria si ipo? Itekelezwe tu." Naye hujibu kwamba sheria iliyopo haina meno. Wote wawili wana hoja, na kwa kuwa wote wana hoja, mazungumzo huishia hapo. Ukweli ni kwamba ndani ya neno "sheria kali" mna madai manne au matano tofauti, na kila moja lina njia yake ya kudaiwa. Kiwango cha adhabu ni dai mojawapo tu, na kwa maoni yangu si lile lililo zito kuliko yote.

Punda ndiye mnyama anayetusaidia kuyaona madai hayo yote kwa pamoja. Kati ya 2016 na 2024 alipitishwa mahali ambapo wanyama wengine wa Afrika Mashariki hawajapitishwa kwa muda mfupi namna ile: machinjio ya kibiashara, wimbi la wizi, maandamano ya wenye punda, marufuku ya waziri, hukumu ya Mahakama Kuu, na mwishowe meza ya marais wa Afrika nzima.

Sheria ilikotoka

Maneno ya Sura ya 360 hayakutungwa Nairobi. Kosa la ukatili linaelezwa humo kwa mfululizo wa vitenzi: kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumtendea vibaya, kumkimbiza kupita kiasi, kumbebesha mzigo kupita uwezo wake, kumtesa, kumghadhibisha, kumtisha. Mfululizo huo umo karibu neno kwa neno katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, nayo sheria hiyo ya 1911 ni mjukuu wa sheria ya 1822 iliyopigiwa debe na mbunge wa Galway, Richard Martin. Sheria ya Martin ilihusu farasi, ng'ombe, kondoo na punda. Husimuliwa kwamba katika kesi moja dhidi ya mchuuzi aitwaye Bill Burns, Martin alipoona mahakama haimsikilizi kwa makini, alimwingiza punda mwenyewe mahakamani ili majeraha yake yaonekane. Kuna hata mchoro wa tukio hilo. Miaka miwili baada ya sheria hiyo, mwaka 1824, kikaundwa London chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kwa sababu wenzake Martin waligundua haraka kwamba sheria isiyo na mtu wa kuifuatilia mitaani ni karatasi tu.

Kisa cha punda wa Burns kinaonyesha kwa usahihi namna sheria za aina hii zinavyofanya kazi hadi leo: lazima pawe na majeraha. Mwendesha mashitaka anatakiwa kuthibitisha kwamba mateso yamekwisha kutokea, na kwamba aliyeyasababisha alifanya hivyo kikatili au kwa kuacha jambo alilopaswa kulifanya. Kabla ya hapo, ofisa hana kesi.

Msogelee punda wa mkokoteni sokoni uone maana yake. Mkokoteni umefungwa kwa kamba ya nailoni inayopita kifuani. Mahali inapokaza, manyoya yamekwisha nyooka na kung'aa, ngozi imekuwa nyekundu, bado haijapasuka. Kwato za mbele zimerefuka na kuanza kupinda kwa juu kwa sababu hazijakatwa miezi mingi. Chini ya mkia na pembeni mwa macho kuna nzi. Anasimama ameegemea mguu mmoja. Mtu yeyote anayemjua punda atakwambia nini kitatokea wiki tatu zijazo: ngozi itapasuka, kidonda kitashika usaha, na kwa kuwa mzigo wa kesho haungoji, kamba itarudishwa palepale juu ya kidonda. Chini ya sheria ya mtindo wa 1911, ofisa aliyeyaona yote hayo leo anaweza kushauri, anaweza kukemea. Ila kesi yake itakuwa na nguvu siku kidonda kitakapokuwa kimefunguka. Yaani sheria inamngoja punda aumie kwanza.

Waingereza wenyewe waliuacha mtindo huo. Mwaka 2006, Bunge lao lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Uingereza na Wales, na ndani yake wakaweka jambo jipya: wajibu wa kutunza. Anayemmiliki mnyama au kukaa naye ana wajibu wa kuhakikisha mahitaji yake yanatimizwa, yaani mahali panapofaa, chakula na maji, nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili, kukaa na wenzake au peke yake kulingana na aina yake, na kukingwa na maumivu, majeraha na maradhi. Kuvunja wajibu huo ni kosa hata kama mnyama bado hajateseka. Mkaguzi akikuta kamba inakaza, anaandika notisi: badilisha kamba, kata kwato, muda wako ni siku kadhaa. Mwenye punda akitii, mambo yameisha. Asipotii, anaingia kortini.

Kwangu mimi hili ndilo dai la kwanza ambalo kampeni yoyote inapaswa kulisimamia, kabla hata ya kuzungumzia miaka ya jela. Badiliko hili linaisogeza sheria kutoka upande wa mzoga hadi upande wa mnyama aliye hai.

Tanzania iko mbele kwa maandishi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inatamka wazi katika misingi yake kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na kwamba ustawi wake ni jambo la msingi kwa jamii iliyoendelea. Inaunda baraza la ushauri na inatambua wakaguzi. Mwanaharakati wa Kenya anayetafuta mfano wa sentensi za kuwapelekea wabunge wake hana haja ya kwenda London, avuke tu Namanga.

Adhabu ya juu inafanya kazi gani

Watu wengi hudhani adhabu kubwa ni ya kuwatisha wakatili. Inawatisha kiasi, lakini kazi yake kubwa iko ndani ya ofisi za serikali. Polisi ana mafaili ya wizi, ugomvi na ajali. Likija faili la kosa ambalo kilele chake ni shilingi 3,000, ataliweka chini, na simlaumu sana. Kumtafuta daktari wa mifugo aandike ripoti, kumpeleka shahidi mahakamani mara nne, mafuta ya gari, vyote hivyo vinazidi faini yenyewe. Hakimu naye hupima uzito wa kosa kwa kutazama dari ambayo Bunge limeliwekea. Dari likiwa chini, kila kitu kilicho ndani yake kinainama.

Uingereza ilipata funzo hilo kwa njia ya tabu. Hata baada ya 2006, kifungo cha juu kilibaki miezi 6, na kwa kuwa mshitakiwa anayekiri kosa mapema hupunguziwa hadi theluthi moja, mtu aliyemtesa mbwa hadi kufa angeweza kutoka na miezi 4. Wanaharakati walipiga kelele miaka mingi. Mwaka 2021 sheria ya nyongeza ikapandisha kifungo cha juu hadi miaka 5 kwa makosa mazito, na kwa makusudi wakaacha makosa madogo ya utunzaji yabaki kwenye adhabu ya chini. Busara yao iko hapo: kifungo kirefu ni kwa anayetesa, si kwa aliyekosa elimu ya kukata kwato.

Shilingi 3,000 za Sura ya 360 zilikuwa pesa ya maana zilipoandikwa. Leo hazimnunui punda. Mfanyabiashara anayepakia punda kwenye lori mpaka wanakanyagana anaweza kuihesabu faini hiyo kama gharama ya safari, pamoja na dizeli.

Ngozi

Na malori hayo yalikuja. Nchini China kuna dawa na kirutubisho kiitwacho ejiao, kinachopikwa kutokana na jelatini ya ngozi ya punda. Ni cha zamani sana, lakini utajiri wa miaka ya karibuni ulikifanya kitakiwe na watu wengi mno. Punda wa China wenyewe walipungua kutoka takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Viwanda vikageukia Afrika, ambako kiasi cha theluthi mbili ya punda wote duniani wanaishi. Shirika la The Donkey Sanctuary lilikadiria mwaka 2024 kwamba biashara hiyo inahitaji ngozi zisizopungua milioni 5.9 kila mwaka.

Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja. Mahitaji ya kiwanda hayawezi kungoja kalenda hiyo, kwa hiyo tangu mwanzo hii haikuwa biashara ya ufugaji, ilikuwa ya kukusanya waliopo.

Kenya ilifungua mlango wazi. Punda alikuwa ameingizwa miongoni mwa wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, na kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa Mogotio huko Baringo, Naivasha, Turkana na Machakos. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, lilihesabu kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977, sawa na asilimia 15.4 ya punda wote wa nchi. Walikuwa wakichinjwa kwa kasi karibu mara tano ya kasi ya kuongezeka kwao. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda wapatao milioni 1.8, ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2.

Takwimu hizo zina sura za watu. Katika maeneo kame, punda mmoja hubeba madumu manne ya lita 20 kutoka kisimani. Akiibwa usiku, asubuhi madumu hayo yanahamia mgongoni na kichwani kwa mama, na mara nyingi binti anaacha shule ili amsaidie. Wenye punda wakaanza kukuta mizoga vichakani, ngozi imechunwa, nyama imeachwa kwa fisi na mbwa. Bei ikapanda, hivyo aliyeibiwa hakuweza kununua mwingine. Wanaharakati nao wakatoa video za ndani ya machinjio: punda wakipigwa kwa fimbo ili wasogee, wengine wameanguka na hawawezi kuinuka tena.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Wakati yote hayo yakitendeka, Sura ya 360 ilikuwepo. Kumpiga kikatili ni kosa, kumsafirisha kwa namna ya kumtesa ni kosa, kumbebesha kupita kiasi ni kosa. Wizi nao ulikuwa na kifungo chake cha miaka 14. Hata hivyo kilichoizuia biashara ile mwaka 2020 hakikuwa sheria ya ukatili wala sheria ya wizi. Ilikuwa ni kanuni ya nyama.

Februari 2020, baada ya wenye punda kuandamana na kupeleka malalamiko yao wizarani, Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza kwamba punda anaondolewa kwenye orodha ya wanyama wa kuchinjwa, na machinjio yakapewa muda mfupi wa kufunga. Ilikuwa furaha kubwa, na wenye punda walistahili sifa. Waliopaza sauti walikuwa wachota maji, wakulima wadogo na watu wa mikokoteni, na wakasikilizwa.

Lakini njia iliyotumika ilikuwa nyembamba. Waziri hakubadilisha sheria. Alitoa tangazo la kisheria chini ya mamlaka aliyopewa na Sheria ya Udhibiti wa Nyama. Tangazo la waziri linapata nguvu kutoka kwenye sheria mama. Likitiliwa shaka, jaji huuliza: je, lengo la sheria mama linaruhusu jambo hili? Wadau walishirikishwa? Sababu zilizotolewa zina mantiki mbele ya haki ya mtu kufanya biashara? Sheria ya nyama inahusu usafi na usalama wa nyama inayofika mezani. Haisemi chochote juu ya mama aliyepoteza punda, wala juu ya punda aliyekufa kwa kiu ndani ya lori. Mmoja wa wenye machinjio alikwenda mahakamani, na Mei 2021 Mahakama Kuu huko Naivasha ikalifuta tangazo lile.

Wengi walimlaumu jaji. Mimi naona lawama hiyo ilielekezwa mahali pasipo. Kilichojengwa kwa kalamu ya mtu mmoja, kalamu ya mtu mwingine inakifuta. Kama marufuku ile ingekuwa kifungu ndani ya sheria ya ustawi wa wanyama, iliyojadiliwa na kupigiwa kura bungeni, mwenye machinjio angelazimika kuthibitisha kwamba inapingana na Katiba yenyewe, na huo ni mlima mwingine kabisa. Hili ndilo dai la pili ninalolitia mkazo: ulizeni marufuku imeandikwa wapi, si tu kama imetangazwa.

Tanzania ilipita njia iliyofanana na hiyo licha ya sheria yake bora. Machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga, yakapigwa marufuku 2017, biashara ikarudi, kisha ikazuiwa tena. Sheria ya 2008 ilikuwa na maneno mazuri ya misingi, lakini swali la kumchinja punda kwa ajili ya ngozi liliachwa kwa uamuzi wa wizara, na uamuzi wa wizara hubadilika waziri akibadilika. Niger na Burkina Faso zilikuwa zimeshazuia mapema, mwaka 2016. Ila mipaka yetu ni mirefu, na punda hana hati ya kusafiria. Nchi moja ikifunga, malori yanageukia ya jirani, na safari ya punda inazidi kuwa ndefu. Marufuku ya nchi moja, ikisimama peke yake, inaweza hata kuongeza mateso ya barabarani.

Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa ya bara zima. Desemba 2022, ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia rasilimali za wanyama, AU-IBAR, iliitisha mkutano wa punda jijini Dar es Salaam. Azimio lake liliomba uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi usimamishwe Afrika nzima kwa miaka 15. Februari 2024, wakuu wa nchi na serikali waliokutana Addis Ababa waliridhia marufuku hiyo.

Kuna watu walioamini kwamba hapo kazi imekwisha. Uamuzi wa Umoja wa Afrika hauingii moja kwa moja kwenye mahakama ya Lodwar au Shinyanga. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa azimio la Addis. Kila nchi inatakiwa kuutia uamuzi huo ndani ya sheria zake, iweke kosa, adhabu na mtu wa kusimamia. Azimio limewapa wanaharakati kitu cha thamani, yaani rais wa nchi yao amekwisha kubali. Wanapokwenda kwa mbunge hawaendi tena kuomba fadhila, wanakwenda kumkumbusha ahadi.

"Watu wenyewe wanateseka"

Hoja hii hutolewa kila mara, na haifai kupuuzwa. Kijana wa mkokoteni anayeamka alfajiri, mwenye deni la punda na kodi ya chumba, hatoi kipigo kwa kuwa anapenda. Anataka kumaliza safari ya tano kabla jua halijawa kali. Sheria inayompeleka jela na kumwachia tajiri wa ngozi njia wazi ni sheria mbovu, na mimi nisingeipigania.

Ndiyo maana notisi ya marekebisho ni bora kuliko pingu kwa makosa ya utunzaji. Na ndiyo maana huduma ya tiba ni sehemu ya utekelezaji, si hisani tu. Lamu inaonyesha hilo. Katika mji ule wa vichochoro ambako magari hayapiti, mchanga, saruji, mawe ya matumbawe na madumu ya maji husafiri mgongoni mwa punda, ndani ya shogi au juu ya tandiko. Tangu 1987 The Donkey Sanctuary ina zahanati pale, punda hutibiwa bila malipo. Mwenye punda anayejua kwamba kidonda kitasafishwa bure na hatapoteza zaidi ya siku chache za kazi, ana sababu ya kumleta mapema. Anayejua kwamba akionekana na punda mwenye kidonda atakamatwa, na dawa hana, atamficha uani. Utekelezaji wa sheria bila zahanati huzaa punda waliofichwa.

Pia si kweli kwamba kumhurumia mnyama ni jambo la kuletwa. Waislamu wa pwani wamekua wakisikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na ile ya Mtume kukemea kumtia punda alama ya moto usoni. Nyama ya punda wa kufugwa ni haramu kwao, na kwa Wakenya wengi wasio Waislamu pia haikuwa chakula. Kumwingiza punda kwenye orodha ya nyama ndiko kulikokuwa kugeni hapa. Maimamu na wachungaji wanaweza kusema jambo hili kwa watu ambao mwanaharakati wa mjini hatawafikia hata akiwa na mabango mia.

Huruma haitoshi bila mtu wa kutekeleza, hata hivyo. Vijijini ofisa mifugo mmoja hubeba eneo kubwa na majukumu ya chanjo, karantini na vibali, na ukatili unakuwa kazi ya mwisho kwenye orodha yake. Kampeni inayodai adhabu bila kudai fungu la bajeti kwa ajili ya wakaguzi inaomba nusu ya kitu. Mswada ukija, tafuteni humo nani ametajwa kuwa mkaguzi, ana ruhusa ya kuingia machinjioni bila taarifa au la, na anaweza kumchukua mnyama aliye hatarini kabla kesi haijaisha au la. Kifungu cha mwisho ndicho kinachookoa uhai. Punda hawezi kungoja mwaka mzima kesi ikiahirishwa huku akirudi jioni kwa mtu yuleyule anayeshitakiwa.

Na makampuni yatajwe peke yao. Faini ya mtu wa mkokoteni na faini ya machinjio yenye leseni ya kusafirisha nje haziwezi kuwa moja. Kwa kampuni, adhabu inayouma ni kufutiwa leseni na kuwajibishwa kwa wakurugenzi wenyewe.

Wapi pa kugonga

Nchini Kenya wengi huelekea moja kwa moja kwa wizara, na huko ndiko marufuku ya 2020 ilikotoka, pamoja na udhaifu wake. Kuna milango mingine miwili. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, likiwemo ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Huhitaji kuwa shirika. Rasimu za sheria mpya ya ustawi na ulinzi wa wanyama zimeshaandikwa, na ombi linaloisukuma rasimu iliyopo husonga mbele kuliko linaloanza na karatasi tupu.

Mlango wa pili uko karibu zaidi na haugongwi vya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba linaorodhesha udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa kazi za kaunti. Maana yake bunge la kaunti linaweza kutunga sheria ya mizigo ya mikokoteni, saa za kazi wakati wa jua kali, mahali pa kunyweshea wanyama sokoni, na zahanati ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwenye bunge hilo. Mwakilishi wa wadi ni mtu unayemkuta msibani na kwenye harambee. Chama cha watu wa mikokoteni chenye wanachama 200 kina uzito kwake ambao hakina kwa wizara.

Tanzania kazi ni tofauti, kwa kuwa sheria mama ipo. Kinachotakiwa ni kifungu kinachomtoa punda kwenye maamuzi ya wizara na kumweka ndani ya sheria ya 2008, adhabu zinazolingana na thamani ya shilingi ya leo, na wakaguzi wenye bajeti. Mbunge anaweza kuwasilisha muswada binafsi, na kamati za Bunge huita wadau kutoa maoni kabla muswada haujasomwa mara ya pili. Siku za maoni huwa chache na tangazo hutoka ghafla, kwa hiyo maandishi yawe tayari: kifungu kinachopendekezwa, kwa Kiswahili cha kisheria, pamoja na ripoti ya daktari wa mifugo, picha zenye tarehe, na majina ya wenye punda walio tayari kusimama mbele ya kamati na kueleza wenyewe.